Jiko Chini ya Kitanda

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika, Latsamy alikuwa ameshachuchumaa mbele ya jiko. Lilikuwa jiko la udongo lenye umbo la ndoo, limevishwa bati kwa nje, na ubavuni lilikuwa na ufa ambao Bibi aliuziba kwa udongo na jivu kila mwaka. Latsamy alipanga vijiti vitatu vya msonobari vyenye utomvu, akawasha kiberiti. Utomvu ulishika moto papo hapo, ukatoa moshi mweusi na harufu ambayo kwake ndiyo ilikuwa harufu ya asubuhi. Juu yake akaweka mkaa, vipande vidogo kwanza na vikubwa baadaye, kisha akachukua upepeo wa mwanzi na kuanza kupepea kwenye mdomo wa jiko.

Mchele wa kunata ulikuwa umelala majini usiku kucha. Aliuchuja, akaumimina kwenye kikapu cha mwanzi chenye ncha chini, akakisimamisha juu ya chungu cha maji yanayochemka ili mvuke uupitie. Ulipoanza kuiva alikikamata kikapu kwa mikono miwili, akakirusha kidogo, na wali wote ukageuka kwa mkupuo mmoja, upande wa chini ukawa juu. Alijifunza kugeuza wali namna hiyo akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado hilo lilikuwa jambo pekee aliloweza kulifanya mbele za watu bila kuona haya.

Kwa maana Latsamy alikuwa na haya sana. Darasani, mwalimu akimwuliza swali ambalo jibu lake analijua, jibu lilifika mpaka kwenye meno likageuka na kurudi lilikotoka. Rafiki yake Nalin, aliyekaa nyumba ya pili, hakuwa na shida hiyo. Nalin alikuwa akianza kuzungumza akiwa bado kwao, na akifika kwa kina Latsamy hadithi imeshafika katikati.

"Hiyo sauti yako huwa unaihifadhi wapi?" Nalin alimwuliza siku moja. "Kwenye kapu la wali? Lakini hata kapu la wali ukilifunua linatoa mvuke. Wewe hata mvuke hakuna."

Latsamy alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, asijibu kitu, na Nalin akasema, "Mnaona?" ingawa walikuwa wawili tu.

Ilikuwa mwezi wa Januari, wakati ambapo baridi ya nyanda za juu za mkoa wa Xieng Khouang huwafanya hata nyati wakatae kutoka zizini. Siku chache zilizopita, mama yake Latsamy, Chansouk, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume katika kituo cha afya. Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake mzazi, Bibi Onsi, ameshaandaa kila kitu: kitanda cha mwanzi, mfarishi mzito, mizizi ya kuchemsha, na jiko la mkaa chini ya kitanda.

Katika kijiji chao, mwanamke aliyetoka kujifungua hukaa motoni. Hulala juu ya kitanda cha mwanzi, joto la makaa likimpanda mgongoni kutoka chini, akinywa maji ya mizizi na kula wali, chumvi, tangawizi ya kuchoma na nyama kavu. Bibi alikaa motoni alipomzaa Chansouk, na mama yake Bibi alifanya hivyo hivyo. Adui wa mzazi, wanawake wote walisema, ni upepo. Upepo ukimwingia, kichwa kitamuuma, maziwa yatakauka, na uzeeni kila kiungo kitamkumbusha uzembe wake.

Lakini Latsamy alikuwa amebeba ujumbe.

Siku ile ya kutoka kituoni, Baba alipokuwa akipakia mizigo kwenye trekta lao dogo, muuguzi Manivone alimwita Latsamy pembeni.

"Nyumba yenu si ile mpya ya matofali ya saruji?"

"Ndiyo, Dada."

"Na Bibi atamkalisha mama motoni?"

Latsamy alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa sikiliza. Ningekuja mwenyewe, lakini leo niko peke yangu hapa. Mama yako nimemwambia, ila amechoka, na najua nyumbani kwenu anayeamua ni Bibi. Mwambie hivi: jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba kilichofungwa. Litumike nje, libaki nje. Kama tayari liko ndani, mlango na madirisha yafunguliwe na jiko litolewe. Mkaa hata usipotoa moshi una hewa yenye sumu, haionekani wala hainuki. Haya, rudia."

Latsamy alirudia neno kwa neno, kwa sauti ya chini mpaka muuguzi akalazimika kuinama.

"Umeshika vizuri," Manivone alisema, akamshika bega. "Mwambie Bibi hivyo hivyo. Ila uongeze sauti kidogo, mdogo wangu."

Jioni ile Latsamy alimkuta Bibi amepiga magoti kando ya kitanda, akipanga makaa kwa koleo. Alisimama nyuma yake muda mrefu. Je, mtu anaanzaje kumwambia bibi yake, aliyewalea watoto saba, kwamba anakosea?

"Bibi," alisema hatimaye, "Dada Manivone amesema jiko lisikae ndani. Amesema dirisha…"

Maneno yalitoka laini kama jivu likidondoka. Bibi hakugeuka. Alipuliza makaa, akatengeneza moja, akatengeneza jingine.

"Niletee tangawizi," alisema Bibi.

Latsamy alileta tangawizi. Njiani alijiambia kwamba ujumbe ameshautoa. Amesema, na aliyeambiwa alikuwepo. Lakini alilala bila raha, kwa sababu alijua tofauti kati ya kutoa ujumbe na kuufikisha.

Siku nne za mwanzo hazikuwa na balaa. Jua lilichomoza vizuri, na majirani waliingia na kutoka kumwona mtoto, kila mmoja akiuacha mlango wazi na Bibi akimgombeza. Siku ya tano, Jumamosi, mambo yalibadilika. Usiku upepo wa kaskazini ulishuka, na asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Baba aliondoka mapema na trekta kwenda msituni kuleta kuni. Alipokuwa akivaa kofia aliutazama ukuta wa nyumba yake kwa fahari. Alikuwa ameijenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, ikaisha mwezi wa Novemba. Nyumba ya zamani, ya mianzi, ilibomolewa. Lilibaki banda la jikoni tu huko nyuma.

"Hebu ona," Baba alimwambia Latsamy. "Humu hata siafu hana pa kupita. Ile ya mwanzo, ukilala unahesabu nyota ukutani."

"Na kuku kupitia nyufa za sakafu," Latsamy alisema, na Baba akacheka.

Alipoondoka, Bibi alitoka mlangoni, akanyoosha uso kwenye hewa na kuurudisha ndani haraka.

"Leo upepo una meno," alisema. "Hakuna wageni leo. Latsamy, lete magunia."

Latsamy alikunja magunia ya mchele na kuyasokomeza chini ya mlango wa chumba. Dirisha la kioo lilifungwa, na penye mwanya mdogo wa fremu Bibi alimwonyesha aweke kitambaa. Alikiingiza kwa ncha ya kijiti, polepole, mpaka mwanya ukajaa. Kila kazi aliyopewa aliifanya vizuri, na hii pia aliifanya vizuri. Ncha ya mwisho ya kitambaa ilipoingia, aliona kama mtu amemgusa begani. Alikumbuka neno "dirisha". Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa akimfunika Mama miguu, akimwimbia mtoto kitu kisicho na maneno, na uso wake ulikuwa na upendo mwingi hata Latsamy akaona aibu kuuharibu.

Asubuhi yote kazi ikawa ya kwenda na kurudi. Bandani aliwasha mkaa mpaka uwe mwekundu wote, akauchota kwenye karai kwa koleo, akavuka ua, akasukuma mlango, akaongeza makaa kwenye jiko chini ya kitanda, akapepea, akatoka, akayarudisha magunia. Kisha akachemsha mizizi. Kisha tena mkaa.

Mara ya tatu alipoingia, alimsikia Mama akisema, "Mama, kichwa kinaniuma."

"Nilijua tu," alisema Bibi. "Upepo umeshakuingia. Huu mlango unafunguliwa mno. Latsamy, ukiingia ingia kama paka, upesi upesi. Na uongeze mkaa, mama yako apate joto."

Latsamy aliongeza mkaa. Mara ya nne, Mama alikuwa ametapika maji ya mizizi kwenye beseni.

"Upepo unatoka," Bibi alisema, lakini safari hii hakusimama kumsaidia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akijisugua paji la uso. "Hata mimi leo uzee umenikalia kichwani. Ongeza mkaa, mjukuu wangu."

"Mtoto amenyonya, Bibi?"

"Amelala. Tangu asubuhi amelala tu. Mtulivu kama babu yake."

Latsamy alipepea. Mishipa ya kichwa chake ilikuwa ikipiga, du, du, du, kama mtu anatwanga ndani. Alitoka kwa kuyumba kidogo, akarudisha magunia, akavuka ua na kukaa bandani kando ya jiko la kupikia. Banda lilikuwa la mianzi iliyosukwa, upepo ukiingia upande huu na kutokea ule. Alikaa pale akitetemeka, akisubiri mkaa mwingine ushike.

Kichwa cha Nalin kikatokeza juu ya uzio.

"Mbona macho mekundu? Umelia?"

"Hapana. Kichwa kinauma."

"Pole. Kinauma sana?"

Latsamy alitaka kujibu ndiyo. Akajisikiliza kwanza. "Sasa hivi hakiumi."

"Ah, si umesema kinauma?"

"Kilikuwa kinauma. Na kabla ya hapo kilipona. Na kabla ya hapo…"

"Kichwa gani hicho kinachouma kwa zamu?" Nalin alicheka. "Kina ratiba? Jumatatu kufagia, Jumanne kuuma?"

"Kinauma nikiwa ndani," Latsamy alisema polepole. "Nikija huku kinapoa."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akayaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunua chungu: yeye alikuwa akitoka. Kila mara alitoka. Mama hakutoka, Bibi hakutoka, na mtoto hakutoka. Haionekani wala hainuki, muuguzi alikuwa amesema.

Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu wote. Aliuacha kwenye jiko, akakimbia.

Ndani ya chumba fukuto lilimpokea usoni. Bibi aliinua macho kwa uzito.

"Mkaa… mkaa uko wapi?"

Latsamy alimwendea Mama. Mashavu ya Mama yalikuwa mekundu, macho nusu wazi, na alipoitwa alisogeza midomo tu. Latsamy alimgusa mtoto shavuni kwa kidole, pale ambapo kila siku akiguswa hugeuza kichwa kutafuta ziwa. Mtoto hakugeuka.

Kooni kwake maneno ya adabu yalikuwa yamejipanga foleni. Bibi, samahani. Bibi, labda. Bibi, sijui kama ni kweli. Yote yalikuwa marefu mno.

"Bibi, tokeni nje," alisema. "Wote. Sasa hivi. Ni mkaa."

Sauti ilikuwa kubwa. Ilimshtua hata mwenyewe.

Alilifikia dirisha, akaking'oa kitambaa, akasukuma fremu kwa viganja vyote viwili. Upepo wa barafu ukaingia kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni. Mfarishi ukatikisika.

"Unafanya nini?" Bibi alisema. "Unamfungulia mzazi upepo? Unataka kumuua mama yako?"

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangemkausha Latsamy pale pale. Safari hii yalimwumiza tu, naye akaendelea. Aliyapiga magunia teke, akaufungua mlango mpaka mwisho, akamzoa mtoto na blanketi lake, akatoka naye mpaka ukingoni mwa banda palipokuwa na jua. Nalin alikuwa ameshauruka uzio.

"Mshike. Usimwingize ndani. Mkinge na upepo kwa mgongo wako, ila uso wake uwe wazi apate hewa."

Kisha Latsamy akasimama katikati ya ua, akageukia nyumba ya kina Nalin, akafungua kinywa.

"Shangazi Keo! Njoo! Mama anakufa!"

Watu wa nyumba tano walitoka nje. Wengine walisema baadaye kwamba hawakuijua sauti ile, walidhani ni mgeni.

Alirudi chumbani. Bibi alikuwa amejaribu kusimama, magoti yakakataa, sasa alikuwa sakafuni akiutazama mkono wake kana kwamba si wake. Latsamy alimshika kwapani na kumburuta mpaka kizingitini. Shangazi Keo, mama yake Nalin, alifika akiwa na unga mikononi, hakuuliza swali. Wakalikamata godoro la Mama, huyu upande huu na huyu upande ule, wakamtoa Mama nje pamoja na godoro lake. Jiko lilibaki ndani peke yake, likiwaka chini ya kitanda kitupu.

Uani, Nalin alikuwa hasemi neno. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Nalin alikuwa kimya kabisa.

"Amelegea," alinong'ona.

Latsamy alipiga magoti. Alikumbuka jinsi muuguzi alivyomfanyia mtoto siku aliyozaliwa. Akaifunua miguu midogo, akaisugua nyayo kwa kidole gumba, akamsugua mgongo, akasugua tena. Hewa baridi ilimpiga mtoto usoni. Uso ukajikunja. Mtoto akapiga chafya, ndogo kama ya paka. Halafu akalia.

Kilikuwa kilio chembamba, cha hasira, kilichokatika na kuanza tena. Hakuna aliyembembeleza. Wote walikaa pale wakimsikiliza, na machozi yalikuwa yakimtiririka Nalin mpaka kidevuni naye hayafuti. Juu ya godoro, Mama alifumbua macho, akanyoosha mkono kuelekea sauti ile.

Shangazi Keo alipiga simu kituoni. Muuguzi Manivone alifika kwa pikipiki, akawapima wote watatu, akaangalia kucha zao na macho yao, akaita gari. Hospitalini walivutishwa hewa safi ya mtungi mpaka jioni, wakalazwa, na usiku huo mtoto alinyonya mara nne. Kesho yake mchana daktari aliwaruhusu, kwa masharti ya kurudi wiki inayofuata kuangaliwa tena. Baba, aliyekuwa amefika hospitalini akiwa bado na majani ya msituni kwenye kofia, alimbeba mtoto kutoka mlangoni hadi garini na hakukubali kumpa mtu.

"Wangechelewa nusu saa," Manivone, aliyekuwa amefuatana nao hospitalini, alimwambia Baba kwa sauti ya chini, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Walipofika nyumbani Baba alizunguka nyumba yake nzima, akiipapasa kuta. Bibi, ambaye bado alitembea kwa kushika vitu, alisimama karibu naye.

"Nyumba yako ni nzuri, mwanangu," alisema. "Ila haipumui. Ile yetu ya mianzi, mimi nilikaa motoni mara saba na sikuwahi kulifungua dirisha. Nilidhani ni ubora wa mizizi yangu. Kumbe ukuta ndio ulikuwa ukitufungulia."

Baba alikwenda kuchukua nyundo na patasi. Kabla jua halijazama, kila chumba kilikuwa na matundu juu karibu na paa, upande huu na upande ule, na Baba alikuwa amejaa vumbi la saruji hadi kwenye nyusi.

"Vizuri," Manivone alisema alipokuja kuwaona. "Matundu yanasaidia. Lakini jiko halirudi chumbani, hata kuwe na matundu mia."

"Na mzazi akae na baridi?" Bibi aliuliza, na wote wakajua kwamba amepona.

"Asikae na baridi, Bibi. Pasha mawe hapo bandani, yafunge kwa kitambaa kinene, umwekee miguuni, yasimguse mtoto. Mpe mfarishi, mpe maji ya moto."

"Na tangawizi yangu?"

"Tangawizi endelea nayo. Ila mwongezee mboga na samaki na mayai, anyonyeshe vizuri."

"Mayai?" Bibi alisema, kama mtu aliyeambiwa ampe mzazi matofali. Akafikiri. "Yai moja."

"Mawili."

"Tutaona," Bibi alisema, na kila aliyemjua alielewa kwamba ni mawili.

Asubuhi iliyofuata Latsamy alikuwa bandani, mbele ya jiko lile lile lenye ufa, na lile la chini ya kitanda nalo sasa lilikuwa limehamia huko kwa kudumu. Wali ulikuwa ukiiva. Mawe mawili yalikuwa yakipata moto pembeni mwa makaa. Bibi alikuja na kigoda chake, akaketi mahali upepo unapopita, akajifunga kitambaa cha pamba kichwani.

Latsamy alipepea muda mrefu kabla ya kusema.

"Bibi, mimi nina kosa. Dada Manivone alinipa ujumbe siku ile, niulete kwako. Mimi nikausema kwa sauti ndogo, halafu nikaacha. Jumamosi nilikumbuka tena wakati naziba dirisha. Na bado niliziba."

Alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri.

"Nilikusikia," Bibi alisema.

Latsamy aliinua uso.

"Siku ile, nikiwa na koleo mkononi. Nilisikia jiko, nilisikia dirisha. Nikajifanya sikusikia, kwa sababu aliyesema ni mtoto, na ujumbe ulitoka kwa msichana ambaye hata kuzaa hajazaa. Nikakutuma tangawizi." Bibi alilitazama jiko. "Kwa hiyo kosa lako ni dogo, na langu ni kubwa, nami nimelibeba tangu hospitalini. Hilo lako nataka ulitue."

Latsamy akaendelea kupepea.

"Lakini nikuambie hili, na ulishike," Bibi aliendelea. "Heshima ni kitu kizuri, na wewe unayo. Ila kumheshimu mtu mzima si kumwacha aingie hatarini huku unatazama. Ukijua jambo la kuokoa uhai, liseme. Usiposikilizwa, rudia. Ukidharauliwa, sema kwa mwingine, mwambie baba yako, mwambie jirani, mpaka apatikane anayesikia. Na sisi wazee tuna la kwetu la kujifunza: nyumba zimebadilika, na mambo tuliyoyafanya salama kwenye mianzi yanaweza kutuua kwenye saruji. Mkaa ni wa kupikia mahali penye hewa. Chumba cha kulala si mahali pake, hata kuwe na baridi ya namna gani."

"Ndiyo, Bibi."

"Ndiyo ipi hiyo? Sijaisikia." Bibi alijiweka sawa kwenye kigoda, akapachika mikono mapajani kama mtu aliyekuja kikaoni. "Haya. Ule ujumbe haujanifikia bado. Nipe sasa, wote, kama ulivyopewa. Mimi nitausikiliza mpaka mwisho."

Latsamy aliuweka chini upepeo. Akasimama wima. Uso ulikuwa wa moto, lakini jibu safari hii lilipofika kwenye meno halikugeuka.

"Bibi, Dada Manivone anasema hivi. Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba kilichofungwa. Litumike nje, libaki nje. Kama tayari liko ndani, mlango na madirisha yafunguliwe na jiko litolewe. Mkaa hata usipotoa moshi una hewa yenye sumu, haionekani wala hainuki."

Kutoka ng'ambo ya uzio, sauti ya Nalin ikajibu, "Tumesikia!"

Bibi alianza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo, mpaka akalazimika kujishika. Ndani, dirisha likiwa wazi kiasi cha ngumi mbili, mtoto aliamka na kuanza kudai haki yake kwa kelele, na Mama akasikika akimwambia, "Naja, naja." Latsamy alikikamata kikapu kwa mikono miwili, akakirusha, na wali ukageuka wote kwa mkupuo mmoja.